Mapokeo ya Wazee na Shamba la Mjane

Yako maneno matatu ambayo mtu akiyasema barazani watu wote hunyamaza. Maneno yenyewe ni haya: "Ndiyo mila yetu." Akiyasema mzee, vijana huinamisha vichwa. Akiyasema mwanasiasa, watu humpigia vigelegele. Akiyasema mzee wa Kanisa katika mkutano wa wazee, shauri huwa limekwisha, nao hutafuta kofia zao. Hakuna aulizaye: Mila ipi? Ya nani? Tangu lini? Iliwekwa kwa ajili gani? Hayo ndiyo nitakayouliza mimi leo. Tena nasema mapema, ili asiyependa kusikia aachie hapa: naamini ya kuwa mtu atumiaye mila ili watu wasiulize, huyo haishiki mila, aivunja, na aghalabu akiisha kuwanyamazisha watu, mkono wake huwa umekwisha kushika mali ya mtu mwingine.

Tuanze na mambo tuyaonayo kwa macho. Sisi tukaao Tabora twakaa katika mji ambao jina lake, kama wazee wasimuliavyo, lilitoka katika matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani viwe akiba. Mwulize Mnyamwezi yeyote chakula cha jadi, hatakosa kuyataja matobolwa. Basi kiazi kitamu asili yake si hapa. Kilitoka Marekani, ng'ambo ya bahari, kama yalivyotoka huko mahindi, mihogo, karanga na tumbaku. Vyakula vya kale zaidi katika nchi hii vilikuwa mtama, uwele na ulezi. Jina la mtaa wetu wa Mtendeni lamtaja mtende, mti wa Waarabu. Miembe ambayo chini ya kivuli chake twaamua mashauri ya mila, asili yake ni Bara Hindi, ikaletwa kwa njia ya misafara. Na maneno yenyewe tuyatumiayo tutakapo kutaja mambo yaliyo yetu kabisa, angalieni: mila, jadi na asili ni maneno ya Kiarabu, desturi limetoka Uajemi. Hata jina la Wanyamwezi, husemwa kwamba tulipewa na watu wa pwani, kwa kuwa twakaa upande wa magharibi, mwezi mwandamo uonekanako.

Sisemi haya ili kuwacheka wazee. Matobolwa nayala, na kivuli cha mwembe nakipenda. Nasema ili tuwajue wazee wetu walikuwa watu wa namna gani. Walikuwa wasafiri. Walijitwika mizigo ya karibu frasila mbili wakaenda pwani kwa miguu, wakarudi na merikani, na shanga, na mbegu, na habari. Ile alama kuu ya utemi, kile kipande cha mviringo cha ganda la kome ambacho mtemi alikivaa, kilitoka Bahari ya Hindi. Watu wakakileta bara, wakakipa maana yao wenyewe. Tena si kila walichokiona walikichukua. Walikaa karibu na Waarabu wa Tabora miaka mingi, wakavaa nguo zao, wakajifunza Kiswahili, lakini wengi wao hawakuifuata dini yao. Walichagua. Katika maneno yetu ya mambo ya kale liko moja ambalo si la kuazima, nalo ni mapokeo. Kupokea ni kazi ya mikono miwili: mmoja hutoa, na mwingine hupima uzito kabla ya kujitwika. Mpagazi aliyejitwika asichokijua aliona taabu yake njiani.

Sasa na tuiangalie siasa, maana huko ndiko mila ivaliwako kama kanzu ya sikukuu.

Neno mtemi latokana na kutema. Wengine husema ni kutema pori, kwa kuwa wa kwanza walifungua nchi. Wengine husema ni kukata mashauri. Kwa vyovyote ni jina la kazi. Mtemi alikuwa na wazee wake, nao ndio waliomweka. Mvua isiponyesha aliulizwa, na aliyeonekana kuwa ameiharibu nchi aliweza kuondolewa. Jambo hili halikuwa zuri siku zote, maana mvua haimtii mtu. Lakini lafundisha kwamba mkubwa alikuwa na hesabu ya kutoa. Tena nchi nyingi za Unyamwezi zamani zilirithiwa na mtoto wa dada, baadaye zikaanza kurithiwa na mtoto wa mtemi mwenyewe. Je, katika hayo mawili lipi ndilo mila? Mtu akijibu "la zamani," basi watemi wengi wa karne iliyopita walivunja mila. Akijibu "la sasa," basi amekubali kwamba mila hugeuka, nami sina ugomvi naye.

Twawasifu Mirambo wa Urambo na Isike wa Unyanyembe kuwa mashujaa wa jadi. Wanastahili sifa. Lakini Mirambo, aliyekufa mwaka 1884, katika siku zake alikuwa mtu wa mambo mapya kuliko wote. Alijifunza vita vya Wangoni, akawakusanya rugaruga wa makabila mbalimbali, akanunua bunduki, akajenga nchi kubwa ambayo babu zake hawakuijua. Mzee mmoja wa zama zile angeweza kumwambia, "Hiyo si mila yetu," naye angesema kweli. Na Isike, Wadachi walipoivunja ngome yake mwezi wa Januari 1893, alijilipua kwa baruti asikamatwe. Nayo baruti ile ilikuja kwa misafara.

Kisha walikuja Waingereza. Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kutawala kwa njia ya machifu. Alisema ataijenga serikali juu ya mila za wenyeji. Wengi walifurahi, na kulikuwa na sababu, maana maakida wa Wadachi walikuwa wamewachosha watu. Lakini ni nini kilichotokea? Mtemi alipewa mshahara, na hazina, na mahakama, na kazi ya kukusanya kodi. Sasa aliyeweza kumwondoa hakuwa mzee wa kijiji bali Bwana Shauri. Ganda la kome lilibaki kifuani, jina la utemi likabaki, lakini ile hesabu aliyowatolea watu wake ilihamia ofisini kwa Wazungu. Hivyo mila ilihifadhiwa kwa jina, ikang'olewa moyo. Mwaka 1963, serikali ya Tanganyika ilipoufuta uchifu kwa sheria, watu wengi hawakulia, na nadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo.

Wala serikali yetu wenyewe haikuiacha mila. Mwalimu Nyerere, mwana wa chifu wa Wazanaki, aliyesoma hapa Tabora na kufundisha katika shule ya Mt. Maria, aliandika mwaka 1962 kwamba ujamaa si kitu kigeni, ni undugu wa jamaa ya Kiafrika ulioenezwa katika taifa. Ni neno zuri, nami sikatai kwamba ziko shule na visima vilivyotokana nalo. Lakini katika miaka ya 1973 hadi 1976, watu walipohamishwa kwenda vijijini, wengine kwa nguvu, wakayaacha makaburi ya baba zao porini, jambo hilo nalo lilifanywa kwa jina la undugu wa jadi. Cameron alichukua katika jadi ukubwa wa chifu. Nyerere alichukua ushirika wa jamaa. Kila mmoja aliingia katika ghala ya wazee akatoka na gunia alilolitaka, na wenye ghala hawakuulizwa.

Siku hizi mambo yamekuwa ya sherehe zaidi. Mwezi wa Septemba 2021, huko Kisesa karibu na Mwanza, machifu walimpa Rais Samia Suluhu Hassan uchifu wa heshima kwa jina la Hangaya. Kumheshimu kiongozi ni adabu, sina neno. Ninalolishangaa ni hawa wadogo wafuatao nyuma: kila atafutaye kura hutaka avikwe mgolole, apewe mkuki na ngao, akalishwe kigodani, apigwe picha. Neno Ikulu lenyewe ni la kwetu Unyamwezini na Usukumani. Tumelitoa jina, na mgolole, na kigoda. Mbona hakuna aombaye ule urithi mwingine wa mtemi, wa kuulizwa habari za mvua?

Haya, tuingie kanisani, maana tusiwahukumu wa nje tukajiacha.

Katika dini naona watu wa namna mbili. Wa kwanza husema: turudi katika dini ya jadi, maana Ukristo ni wa wageni. Nami nawauliza: mtarudi mpaka kambi ipi? Wazee wetu walimtaja Mungu kwa majina ya Likube na Limatunda, yaani Muumba, na majina hayo ni ya heshima. Twaweza kuyatamka bila hofu. Lakini chama cha Baswezi, pamoja na pepo zake na siri zake, ambacho wengine hukitaja kuwa ndicho dini yenyewe ya Kinyamwezi, kilitoka magharibi, upande wa Uha na Urundi, kikaingia hapa kama mgeni. Siku moja nacho kilikuwa kipya. Mgeni akikaa sana huitwa mwenyeji. Hiyo ni kawaida ya dunia, lakini haimpi haki ya kumfukuza mgeni anayefuata.

Wa pili ni sisi wenyewe. Mapadri Weupe walipita Tabora mwaka 1878, wakafungua misheni ya Ndala mwaka 1896. Wamisionari wa London walifika Urambo mwaka 1879, na mwaka 1898 kazi yao ilipokewa na Wamoraviani. Basi hesabuni, haijafika hata miaka mia na hamsini. Lakini tayari tumejifanyia mila, nasi twailinda kwa ukali kuliko Mafarisayo. Arusi isiyo na vazi jeupe twaiona kana kwamba imepungukiwa na baraka. Watu huuza mbuzi na kukopa fedha ili bibi arusi akodishiwe gauni. Vazi hilo lilienea tangu Malkia Victoria wa Uingereza aolewe mwaka 1840. Mitume hawakulijua. Ngoma ilipoingizwa katika ibada, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa miaka ya 1962 hadi 1965, wako Wakristo Waafrika waliosikitika wakisema Kanisa limeacha mapokeo, kwa kuwa walikuwa wamezoea kinanda na Kilatini. Mtoto wa mpiga ngoma akamfukuza baba yake kwa jina la mapokeo ya mgeni! Kwa hiyo nasema ushabiki wa mila si ugonjwa wa wapagani peke yao. Twaweza kuupata kwa kuimba nyimbo za vitabuni.

Na Bwana wetu alilijua jambo hili. Someni Injili ya Marko, sura ya 7. Walimjia Mafarisayo wakimlaumu kwamba wanafunzi wake hawafuati mapokeo ya wazee, maana walikula bila kunawa. Hakuwajibu kwamba mapokeo yote ni bure. Mwenyewe alikwenda katika sinagogi siku ya sabato kama desturi yake ilivyokuwa, akaila Pasaka pamoja na wenzake. Alilowajibu ni habari ya Korbani. Mtu alikuwa na mali ambayo ilimpasa kuwatunza baba yake na mama yake wazeeni. Akasema, mali hii ni Korbani, imewekwa wakfu. Na wakubwa wa dini wakamruhusu asiwasaidie tena. Angalieni basi kosa aliloliona Bwana lilikuwa wapi. Halikuwa kwamba mapokeo ni ya kale, wala kwamba ni ya binadamu. Lilikuwa kwamba mama mzee amelala njaa, na mwana wake ana neno takatifu la kumwambia mlangoni.

Ndugu zangu, Korbani ya kwetu ni shamba la ukoo.

Mwajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mume amekufa. Amezikwa vizuri; kwaya imeimba, mchungaji au padri amehubiri, wazee wa Kanisa wamejipanga kwa heshima. Siku za matanga zikiisha, ndugu wa marehemu huketi. Baiskeli yachukuliwa, na ng'ombe, na mabati yaliyokuwa yamewekwa akiba, na mwisho shamba lile lile ambalo mjane amelilima kwa jembe lake miaka ishirini, mpunga na mahindi na tumbaku. Akiuliza, hujibiwa yale maneno matatu. Wazee wa Kanisa nao wako pale pale, maana ni jamaa, nao husema mambo ya ukoo si ya Kanisa. Jumapili ifuatayo wote hukutana ibadani, mjane na waliomnyang'anya, nao huimba kitabu kimoja.

Basi nauliza: hiyo mila imetoka wapi?

Wengi hawajui kwamba imeandikwa. Imo katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963. Kazi ya kukusanya na kuunganisha sheria za makabila ilianza mwaka 1961, na mmoja wa walioifanya alikuwa Hans Cory, mzaliwa wa Austria, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Waingereza na ambaye mbele yake alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha sheria za Wasukuma. Simlaumu, alifanya kazi kwa bidii, akawasikiliza wazee wanaume. Katika kanuni hizo imeandikwa kwamba wanawake huweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo wataitumia tu maisha yao, wasiiuze. Na habari ya mjane imeandikwa kwamba hana fungu katika urithi ikiwa mume ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Fikirini neno hilo. Mjane mwenye watoto wa miaka minne na sita, atatunzwa na nani? Na aliyejaliwa watoto waliokufa?

Sasa sikilizeni habari nyingine. Mwingereza Richard Burton alifika hapa Unyanyembe mwaka 1857, na kitabu chake kikachapwa mwaka 1860. Alikuwa mtu wa kuwadharau Waafrika, na mengi aliyoyaandika juu yetu hayana adabu, kwa hiyo simtaji kama rafiki. Lakini aliandika jambo moja lililomshangaza kwa Wanyamwezi: kwamba mtu hapa aliwaachia mali watoto aliowazaa kwa wajakazi, si watoto wa mke wa arusi. Naye alipewa sababu, akaiandika: watoto wa mke wana jamaa wa kuwasaidia, lakini watoto wa mjakazi hawana mtu. Mwasikia? Sitaki turudi katika ujakazi, Mungu atuepushe. Lakini tazameni fikira za wazee wale. Katika kugawa mali waliuliza: nani hana wa kumsaidia? Wakampa huyo. Leo ndugu za marehemu huuliza: nani hana wa kumtetea? Wakamnyang'anya huyo. Kisha husema wamewafuata wazee.

Mahakama nazo zimepambana na neno hili. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, huko Mwanza, aliamua kesi ya mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, jamaa wa ukoo wakalidai. Jaji alisema kwamba tangu haki za binadamu ziandikwe katika Katiba mwaka 1984, kanuni ya kumzuia mwanamke yale ambayo mwanamume ameruhusiwa haiwezi kusimama. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu ilipoletewa shauri la wajane wawili wa Usukuma, jirani zetu hapa, waliofukuzwa nyumbani na ndugu wa waume zao, mahakama ilikiri kwamba kanuni zinabagua, ila ilikataa kuzifuta, ikihofu kwamba ikifungua mlango huo mila za makabila yote zitamiminika mahakamani. Wajane wale walikwenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, nayo mwaka 2015 ikaamua kwamba nchi yetu iliwakosea. Mimi si mwanasheria. Lakini nauliza kwa nini ionekane hatari kwamba mila ziulizwe zote. Mwalimu aogopaye kwamba mtoto mmoja akiuliza wote watauliza, huyo hajui somo lake.

Tena iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, isemayo wazi kwamba desturi imnyimayo mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kwa haki ni batili. Wangapi katika halmashauri za vijiji wameisoma?

Kuna jambo la mabinti pia, ambalo nalipitia kwa haraka, ingawa lastahili makala yake. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2010, mkoa wetu wa Tabora ulikuwa wa pili baada ya Shinyanga: katika kila wanawake mia wa umri wa miaka 20 hadi 24, hamsini na wanane walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ilipokihukumu kifungu hicho mwaka 2016, serikali ilikata rufani, na katika hoja zake zilikuwamo mila na dini. Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali mwezi wa Oktoba 2019. Baba aozaye mtoto wa darasa la saba kwa ng'ombe kumi hutaja mila. Ng'ombe hao huwataja baadaye.

Najua majibu nitakayopewa, na moja ni la haki, kwa hiyo nilijibu kwa adabu. Wazee wenye busara husema: "Mwalimu, shamba la ukoo si mali ya mtu mmoja. Hapo ndipo makaburi yalipo. Mjane akiolewa na mtu wa mbali, shamba litakwenda kwa wageni, na watoto wa marehemu watakosa pa kulima." Neno hili lina uzito. Wazee waliogopa kuwaacha wajukuu bila ardhi, na hofu hiyo ilikuwa upendo. Lakini ikiwa hilo ndilo kusudi, njia ziko. Shamba liandikwe kwa jina la mjane pamoja na watoto, asiweze mmoja kuliuza bila wengine. Akiolewa, watoto wabaki na haki yao. Hapo kusudi la wazee limetimia, na hakuna aliyelala njaa. Tena mimi nawauliza hao walinzi wa makaburi: ni mara ngapi mmeona shamba limechukuliwa kwa mjane mwezi wa nne kwa jina la ukoo, na kabla ya masika mengine mjomba au shemeji ameliuza kwa mfanyabiashara, fedha zikaishia kwenye pikipiki? Siku ile ya kuuza, nani alisimama kusema, "Ndiyo mila yetu"?

Jibu jingine ni kwamba haya ni mafundisho ya Wazungu. Huyo na asome tena habari ya Burton na ya Cory, kisha aniambie ni upande gani Mzungu alishika kalamu.

Nasi tusomao gazeti hili tuna kazi ambayo hatuhitaji kuingojea serikali. Wosia wa maandishi wakubaliwa na sheria zile zile za mila: mwenye kujua kusoma na kuandika ahitaji mashahidi wawili wajuao kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo, asiyejua ahitaji wanne. Karatasi moja na kalamu. Yafaa kila mzee wa Kanisa aandike wake kwanza, maana hawezi kumhimiza mwingine ilhali mke wake mwenyewe hana kitu mkononi. Yafaa tena baraza la wazee wa kila usharika na kila kigango likubaliane kwamba siku ya kugawa mali ya marehemu Mkristo, wawili wao watakuwapo, si kama jamaa bali kwa jina la Kanisa, na mjane ataketi barazani pamoja na wengine, asiwekwe jikoni, naye ataulizwa kabla ya mtu yeyote kusema. Na aliyemfukuza mjane asikaribishwe mezani pa Bwana mpaka amemrudishia shamba lake. Twawatenga watu kwa ajili ya pombe na kwa ajili ya kucheza ngoma. Sijapata kusikia aliyetengwa kwa ajili ya hili.

Asiyekubaliana nami na aandike katika gazeti hili, ataje mila anayoitetea, na mwaka ilipoanza kama anaujua, na jina la aliyenufaika nayo. Nitamjibu.